Vitenge vya Winifrida

Mimi nina hasira, na mtu asinipigie hodi kuja kuniambia nipoe. Shemeji zangu wameniambia nipoe. Wanawake wa jumuiya wameniambia nipoe. Hata mwenye mashine ya kusaga, ambaye hayamhusu ndewe wala sikio, ameacha unga wake akanifuata hadi barabarani: "Mama Placidi, mtoto ni wako, yaache yapite." Hayapiti! Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, halafu mwenye ubavu wa kuniambia nipoe aje aniambie.

Placidi ni mwanangu wa kwanza. Ana shamba la kahawa hapa Mkumbi ambalo ukilitazama kutoka ng'ambo ya bonde unatamani liwe lako. Ana pikap. Ni mwenyekiti wa jumuiya, na Jumapili akisimama kusoma somo la kwanza, vikongwe wanaacha kukohoa. Mke wake ni Winifrida, binti wa kule ziwani, kijiji cha Mbaha. Alikuja kwetu Mwanglikana, akaingia Ukatoliki kwa ajili yetu, na hakuwahi kulalamika. Alipofika hakujua hata ngolo ni nini. Watu wa ziwani wanalima tambarare, wapi na wapi na mashimo yetu ya mlimani! Kwetu mwanamume anafyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba, basi, kazi yake imeisha, anakwenda zake. Anayechimba udongo na kuyafunika majani yale, mraba kwa mraba, mgongo umepinda tangu asubuhi, ni mwanamke. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza mikono ilimchubuka mpaka nikamhurumia, na yeye anacheka tu, ananiambia, "Mama, huku kwenu mnalima kama mnajenga."

Nilimpenda. Wanasema mama mkwe hampendi mkamwana, waache waseme. Nilimpenda yule binti.

Na jambo moja lililojulikana Mkumbi nzima ni kwamba Placidi anamvalisha mke wake. Vitenge! Leo cha ndege, kesho cha maua mekundu, keshokutwa cha bluu kile kizito ambacho wengine tunakiona kwa mke wa diwani tu. Wanawake wa jumuiya wakitoka kusali wanawasema waume zao: "Mtazameni Placidi, nyie mmekalia pombe." Mimi mwenyewe kijicho kilinishika, nikamwuliza mwanangu mbele za watu, "Na mimi niliyekuzaa, leso yangu iko wapi?" Watu wakacheka. Placidi akacheka pia.

Basi mwaka huu, kahawa imeiva na kila mkono unahitajika, Winifrida akatoroka. Alimfunga mgongoni mjukuu wangu Gaudiosa, akashuka ziwani bila kuniaga. Placidi akaja kwangu amekunja uso. "Mama, mkamwana wako ana kiburi. Nimemkosea nini mimi? Anakula, anavaa. Twende ukamchukue."

Nikapandwa na hasira na Winifrida, sitaki kuficha. Kahawa inadondoka chini, mtu anatoroka, tena haniagi mimi! Nikasema nikimtia machoni nitampa vidonge vyake.

Tena ilikuwa lazima niende. Kwetu mke akikimbilia kwao, mume hamfuati peke yake kama anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Anakwenda na mama yake mzazi. Wakishaongea wanaume wote, wakamaliza hotuba zao, ni mama anayesimama na kuwaambia wakwe, "Tumekuja kumchukua binti yetu, mtupe." Neno lile likitamkwa, binti anafunga mizigo. Lisipotamkwa, hata uje na mchele na mafuta ya kujaza lori, unarudi navyo.

Tukashuka na pikap, mimi, Placidi, na katekista wetu Bartholomayo. Huku juu tulikuwa tumevaa masweta na mashali, maana baridi ya Julai mnaijua. Tulipofika Mbaha jua linawaka, mchanga unachoma hadi ndani ya viatu, na harufu ya dagaa wa usipa waliotandazwa kwenye vichanja imejaa kila mahali.

Tulipokewa vizuri. Baba yake Winifrida ni Mzee Hamphrey, mzee wa kanisa la Anglikana, mtu mpole sana, mpole kupita kiasi kama utakavyosikia. Mama yake ni Rosina. Tulikalishwa kwenye kivuli cha nyumba, tukapewa maji. Winifrida akatoka ndani, akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikamjibu, ya mdomoni tu, moyo umefunga.

Alikuwa amejitanda kitenge cha bluu, kimemfunika mabega yote mpaka shingoni. Nilikiona, sikukiwazia. Huku juu sote tunajitanda hivyo, na mimi macho yangu yalikuwa bado ni ya huku juu. Akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mama yake, mtoto kalala mapajani.

Bartholomayo akaanza. Yule baba akianza hana haraka. Aliongea habari za ndoa, habari za uvumilivu, habari za shetani anayependa nyumba za Kikristo. Halafu akafungua zipu ya Biblia yake, akatafuta ukurasa, akasema nabii Malaki ametuachia neno ambalo halina mjadala: Mungu anachukia kuachana. Akalisema mara ya pili akimtazama Winifrida. Akaifunga Biblia, kidole chake akakiacha ndani.

Mzee Hamphrey akainamisha kichwa. "Neno la Mungu ni neno la Mungu," akasema. "Mwanangu, nilikurudisha mwaka juzi, nikakurudisha na mwaka jana. Na leo sina namna. Kajiandae."

Winifrida alimtazama baba yake tu, kisha akaanza kumwamsha mtoto.

Bartholomayo akanipa ishara kwa kidevu. Zamu yangu. Nami nilikuwa tayari, wallahi nilikwisha kushika magoti ninyanyuke. Ndipo Rosina, ambaye tangu tufike hakuwa amefungua mdomo ila kutukaribisha, akasema kwa sauti ya chini, "Kwenye Biblia yetu, pale pana maneno mengine. Kabla na baada."

Aisee! Mnajua Waanglikana na sisi. Nikaona tunataka kuambiwa Wakatoliki tumelikata Neno. Nikachukia, tena sana, kwa niaba ya Roma nzima. Nikamwambia Bartholomayo, "Baba katekista, lisomwe lote! Lisomwe kuanzia juu, lisije likatoka tangazo huku ziwani kwamba tumeficha kitu."

"Mama Placidi, si lazima, ujumbe umeshafika."

"Lisomwe! Miwani yangu nimeiacha nyumbani, mpe Placidi asome, si ndiye msomaji wetu?"

Placidi akapokea kitabu. Alianza vizuri, kwa ile sauti yake ya Jumapili. Nabii alikuwa anawagombeza wanaume. Sikujua! Miaka yote nasikia ule mstari kwenye harusi na kwenye vikao, nikidhani nabii anawasema wanawake wanaofunga mizigo. Kumbe ni wanaume aliokuwa anawapa vidonge vyao. Mnajaza madhabahu machozi, anawaambia, mnalia na kuugua, mnauliza mbona Mungu hazitazami sadaka zetu. Hazitazami kwa sababu alikuwepo. Alisimama shahidi siku ulipomwoa mke wa ujana wako, na wewe umemfanyia hiana, naye ni mwenzako, mke uliyefunga naye agano.

Placidi alipofika hapo sauti ikapungua. Maana mwanamke wa Mbinga mjini yupo, na nani hajui? Amepangishiwa chumba karibu na soko. Mimi nilipomuuliza mwanangu aliniambia ni maneno ya watu wenye wivu na kahawa yake.

"Endelea," nikamwambia.

Akasoma ile sehemu ya Mungu kuchukia kuachana. Na pumzi ileile, mstari uleule, nabii anaendelea kusema Mungu anamchukia pia mtu anayeufunika ukatili kwa vazi lake. Placidi akaishia hapo.

"Maana yake nini?" nikauliza.

"Sielewi, mama."

Nikamgeukia Bartholomayo. Akakohoa. Akasema hayo ni mafumbo ya Wayahudi wa zamani, kwamba vazi kwao lilikuwa alama ya ndoa, kwamba tukiingia humo hatutatoka leo, na safari ni ndefu. Mzee Hamphrey akatikisa kichwa kukubali. Hata mimi nikakubali. Nikaona basi, Wayahudi na mambo yao. Joto lilikuwa limenizidi, nikavua sweta, nikavua na shali, nikawa najipepea na kanga. Placidi naye alikuwa kabaki na singlendi.

Nikamtazama Winifrida.

Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni. Anajipangusa kwa kiganja, na kitenge kizito kiko palepale, kimebanwa shingoni kwa pini. Binti aliyezaliwa kwenye mchanga huu! Wanawake wote waliokuwa wakipita mbele yetu na ndoo zao walikuwa mabega wazi. Rosina, mabega wazi. Mimi mzee wa milimani, mabega wazi. Yeye peke yake kajifunga kama yuko Mkumbi alfajiri.

"Winifrida, husikii joto?"

"Nimezoea, mama."

"Umezoea nini? Hebu legeza hicho kitenge upate hewa."

Akakikamata kwa mikono miwili. Placidi akasema haraka, "Mama, tuondoke, giza litatukuta njiani." Saa nane ya mchana, giza!

Hapo nikaelewa. Jamani, sikuelezwa na mtu. Nilimwelewa yule nabii kuliko nilivyowahi kumwelewa padri yeyote. Nikauliza:

"Kile kitenge cha ndege, alikununulia lini?"

Winifrida akatazama chini. "Baada ya Pasaka."

"Na Pasaka kulikuwa na nini?"

Akafungua mdomo kidogo, akanionyesha upande ambako hakuna jino. Mimi niliambiwa jino lile liling'olewa zahanati.

"Cha maua mekundu?"

"Nilipomuuliza habari za yule dada wa Mbinga."

"Hiki cha bluu?"

Rosina ndiye aliyechomoa ile pini. Akakishusha kitenge taratibu, kama anayembandua mtoto bandeji. Sitawaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba alama zilikuwa za waya, na nyingine zilikuwa bado mbichi, na kwamba mgongo ule ndio uliopinda kwenye ngolo zangu msimu mzima nami nikimwambia, "Kaza, mwanangu, tumalize." Na Mungu wangu, alikaza.

Mzee Hamphrey akafunika uso. Bartholomayo akatazama ziwa.

"Placidi," nikasema, "umefanya wewe?"

Nilitaka akane. Nasema kweli, pale nilikuwa namwomba Mungu akane, aniambie ni mti umemwangukia, niamini. Hakukana. Alikunja ndita, akasema mbele yetu sote, "Nilimpiga, ndiyo. Ananifuatafuata kunichunguza, nimwache? Na nikimpiga namtunza, namnunulia kitu. Mwulizeni kama kuna mwanamke Mkumbi anavaa kumzidi."

Jamani! Nilimrukia kwa maneno mpaka majirani wakatoka ndani. Nilimwambia wewe mshenzi, wewe tulikusimamisha mbele ya altare usome, na mke wako amekaa nyuma amejifunga maumivu yako, sisi tunasifia rangi! Jumuiya nzima tunashangilia! Kila ulipompiga tulikupigia makofi! Nikamgeukia Bartholomayo, nikamtolea uvivu naye. "Na wewe baba katekista, neno moja umelikata katikati kama muwa, umemtafunisha huyu binti upande mmoja. Fumbo gani hapa? Nionyeshe fumbo liko wapi hapa! Huyo nabii anajua hata pini ilipobanwa!"

"Mama Placidi, punguza sauti, tuko ugenini."

"Sipunguzi!"

Mzee Hamphrey naye hakupona. Nilimwambia, "Mkwe wangu, nakuheshimu, lakini umemrudisha mwaka juzi, umemrudisha mwaka jana, ulimrudisha wapi? Hukumtazama mtoto wako?" Yule mzee alilia machozi, na mimi sikumhurumia hata chembe.

Bartholomayo akainuka, akajaribu bado. Akasema mwanaume amekiri, kukiri ni mwanzo wa toba, sasa mama aseme neno, watoto warudi nyumbani, mengine tutayamaliza kwenye jumuiya.

"Neno silisemi," nikasema.

Nikaona Placidi anageuka. Alikuwa hajaamini. "Mama, wewe uko upande wa nani?"

"Silisemi. Si leo, na usilete gari kunifuata kesho. Kamtafute mama mwingine akusemee."

Mwanangu akatupa kitabu kwenye mkeka, akasema atamwoa yule wa Mbinga tuone, akasema nisikanyage kwake. Akawasha gari. Bartholomayo alisita, akaokota Biblia yake, akaipangusa mchanga, akapanda. Wakaondoka, na mimi nikabaki pale ziwani na kanga yangu moja.

Rosina akaniletea maji, sikuyanywa. Nikasogea kwenye mkeka, nikakaa karibu na Winifrida. Nilitaka kumshika, sikujua nimshike wapi. Nikamuuliza kitu ambacho nadhani tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Mwanangu, wewe unataka nini?"

Hata hakufikiri. Alikuwa nalo tayari. "Nataka twende polisi, mama. Mwaka jana nilikwenda peke yangu. Waliniuliza shahidi yuko wapi, nikakosa wa kumtaja."

Akanitazama. Ndipo nikajua ananiomba nini.

Usinione hivi, mimi ni mama. Kumwita mshenzi ni kitu kimoja, hata ukimlaani mwanao jioni unampakulia chakula. Lakini kumpeleka ndani? Yule nilimzaa kwa shida, mguu umetangulia, siku nzima mkunga ananiambia nisali. Mzee Hamphrey akaona nimeduwaa, akapata na nafasi ya upole wake. "Hapana, mwanangu, usimwombe hilo. Mama hawezi kumshtaki mtoto wake. Haya ni mambo ya kumaliza kifamilia."

Kifamilia! Laiti angenyamaza. Neno lile ndilo lililoninyanyua. Mungu alisimama shahidi, nabii kasema, na sisi tulikuwepo wote, wanajumuiya, wakwe, katekista, na kila mmoja aliangalia ziwa.

"Tutakwenda," nikamwambia Winifrida. "Asubuhi. Mimi na wewe."

Tulikwenda kwa bodaboda, mtoto tumemwacha kwa Rosina. Winifrida alivaa gauni la mikono mifupi. Njiani watu walimtazama, naye akaacha wamtazame. Kituoni tulielekezwa kwenye dawati la jinsia, kwenye chumba kidogo, kwa askari wa kike mdogo kuliko hata mwanangu wa mwisho. Alitusalimia kwa adabu. Alimsikiliza Winifrida mpaka mwisho bila kumkatiza, akaandika, akasema atampa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Kisha akanigeukia mimi.

"Pole sana mama. Wewe ndiye mzazi wa huyu dada?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mzazi wa aliyempiga. Alikiri mbele yangu. Nimekuja kutoa ushahidi."

Kalamu yake ilisimama. Akanitazama, akamtazama Winifrida, akanitazama tena. Akaniuliza kama nimeelewa kitakachofuata. Nikamwambia nimeelewa. Akavuta karatasi mpya.

"Jina la mtuhumiwa?"

Jina lile nililichagua mimi. Nilimnong'oneza padri siku ya ubatizo, nimembeba mwenyewe, amevaa nguo nyeupe. Askari akangoja. Winifrida aliweka mkono wake juu ya goti langu, yeye, mwenye mgongo ule, ananituliza mimi.

"Placidi," nikasema.

"Samahani mama, sijasikia."

Nikalisema tena, kwa sauti kubwa.